Kuongeza Kasi ya Bajaji ya Umeme: Mambo ya Kupima Kabla ya Kumlipa Fundi

Mlaji anayenunua bajaji ya umeme hufurahia mambo matatu tangu wiki ya kwanza: haidai petroli, haina kelele, wala haina injini ya kubadilishiwa oili. Baada ya miezi michache huibuka lalamiko moja: haikimbii. Dereva hupitwa na bajaji za petroli akielekea stendi, abiria humhimiza, na jioni hesabu ya mwenye chombo humsubiri. Hapo ndipo hujitokeza fundi mwenye ahadi kwamba, kwa fedha kiasi na kazi ya saa mbili, chombo kitakimbia kama vingine.

Somo hili limeandikwa kwa ajili ya mlaji aliyefika hapo. Tumechukua mji wa Babati, makao makuu ya Mkoa wa Manyara, kuwa mfano wetu, kwa kuwa mazingira yake yanakusanya karibu kila jambo linalohusika: barabara kuu ya lami inayopitisha mabasi na malori ya Arusha, Dodoma na Singida, barabara za mitaa katika kata kama Bagara, Maisaka na Nangara, pamoja na miinuko ya Bonde la Ufa, ambayo kila anayepanda kutoka Dareda kuelekea Mbulu anaifahamu. Tunayoyaeleza yanahusu pia pikipiki za umeme na vile vigari vya umeme vya viwanja vya gofu, ambavyo baadhi ya hoteli huvitumia kubebea wageni na mizigo yao. Vyote hivyo vina mota, betri na kidhibiti, na vyote huongezwa kasi kwa njia zilezile.

Hatusemi kwamba kutaka kasi ni kosa. Methali husema mwenda pole hajikwai. Hata hivyo, dereva anayedaiwa hesabu ya jioni hawezi kulishwa na methali. Tunalotaka mlaji alifahamu ni kwamba kasi ya nyongeza ina bei mbili. Ya kwanza hulipwa kwa fundi siku ya kazi. Ya pili hulipwa baadaye kidogokidogo, kwa betri, kwa breki, kwa dhamana ya muuzaji na kwa bima, na ndiyo iliyo kubwa zaidi.

1. Kasi ya chombo cha umeme hutoka wapi

Katika bajaji ya umeme, betri huhifadhi nishati, mota huzungusha magurudumu, na katikati yake hukaa kidhibiti, ambacho mafundi hukiita kontrola. Dereva anapozungusha akseleta, hawezi kufungua umeme wote kwa mkono wake. Huiomba kontrola, nayo huamua kiasi cha kutoa.

Mlaji akumbuke vipimo viwili. Volti ni msukumo wa umeme, na ndizo zinazotawala mzunguko wa juu kabisa wa mota: volti zikiongezeka, mota huweza kuzunguka kwa kasi zaidi. Ampea ni wingi wa umeme unaopita, na ndizo zinazotawala nguvu ya kuondoka, kubeba na kupanda mlima. Kwa hiyo chombo kinachoshindwa kupanda na chombo kinachokosa kasi kwenye tambarare si wagonjwa wa ugonjwa mmoja, na fundi anayewapa dawa moja wote wawili ameruka hatua ya kupima.

Mtengenezaji alipoweka kikomo cha kasi, alizingatia mambo mengi kwa pamoja: unene wa nyaya, uwezo wa mota kustahimili joto, ukubwa wa breki, uimara wa fremu, na umbali ambao chaji moja inapaswa kufika. Kuongeza kasi ni kuondoa jiwe moja katika ukuta huo. Huenda ukuta usianguke siku hiyo, lakini uzito wake umehamia kwenye mawe mengine.

2. Kwanza, tafuta kasi iliyopotea

Bajaji iliyokuwa ikifika kilomita 40 kwa saa ilipokuwa mpya, na leo haivuki 32, haihitaji kuongezwa kasi. Inahitaji kurudishiwa iliyokuwa yake. Kabla ya mazungumzo yoyote na fundi kuhusu kuongeza, pima mambo yafuatayo kwa utaratibu huu:

(a) Swichi ya hatua za kasi. Bajaji na pikipiki nyingi za umeme zina kitufe cha kuchagua hatua ya kasi, kwa kawaida mbili au tatu. Hakikisha chombo hakiko kwenye hatua ya chini. Ni jambo dogo, lakini mlaji asiyesoma kijitabu cha maelezo anaweza kumlipa fundi kwa kazi ya kubonyeza kitufe.

(b) Upepo wa matairi. Tairi lisilo na upepo wa kutosha hulala barabarani na kuizuia mota kila mzunguko. Jaza kulingana na kipimo kilichoandikwa kwenye kijitabu au ubavuni mwa chombo, na upime matairi yakiwa baridi.

(c) Breki zinazoshika. Inua gurudumu moja moja kwa jeki, chombo kikiwa kimezimwa, kisha lizungushe kwa mkono. Likigoma au likisimama mara moja, breki au beringi inalishika. Mlaji huyu anatumia umeme wake kupasha moto breki.

(d) Viungo vya betri. Ncha za betri zenye ukungu mweupe au wa kijani, au zilizolegea, huzuia umeme kupita. Ukigusa kwa tahadhari karibu na kiungo baada ya safari na kukuta kina joto kuliko vingine, tatizo liko hapo.

(e) Betri moja mbovu. Betri za bajaji hufungwa kwa mfululizo, hivyo iliyo dhaifu huwavuta wenzake wote. Betri ya volti 12 ya asidi na risasi ikiwa imejaa na kupumzika husoma takriban volti 12.6 hadi 12.8. Mwambie fundi azipime moja moja, kwanza chombo kikiwa kimesimama, kisha mota ikivuta mzigo. Ile inayoporomoka mbali na wenzake ndiyo mwizi wa kasi yako.

(f) Akseleta. Kifaa kilichochakaa au kilichoingia vumbi hakifiki mwisho wa kipimo chake, kwa hiyo kontrola huamini kwamba dereva hataki kasi kamili.

Baada ya hapo, jaribu chombo kwenye kipande kilekile cha barabara, kikiwa na mzigo uleule na chaji kamili, ukilinganisha na kasi iliyoandikwa na mtengenezaji. Tumia simu yenye programu ya kupima mwendo, kwa maana spidomita huweza kukosea. Ikiwa kasi imerudi, kazi imekwisha, na gharama yake ni ndogo kuliko ya badiliko lolote tunalolieleza hapa chini.

3. Njia zinazotumika, na gharama ya kila moja

Kuongeza betri. Tuchukue bajaji yenye betri tano za volti 12, yaani volti 60 kwa jumla. Fundi huongeza ya sita na kufikisha volti 72. Kasi ya juu huongezeka kwa takriban asilimia 20, iwapo mota ina nguvu ya kutosha. Lakini kontrola iliyotengenezwa kwa volti 60 inaweza kuungua siku ileile au baada ya wiki kadhaa. Chaja ya zamani haitaweza kujaza betri sita, na betri isiyojazwa hufa mapema. Zaidi ya hayo, betri mpya iliyofungwa pamoja na tano kuukuu hulazimika kuishi maisha yao: zile kuukuu huisha mapema, nayo huendelea kuvutwa pamoja nazo. Kazi ya kweli ya njia hii ni betri sita za umri mmoja, kontrola mpya na chaja mpya. Fundi anayetaja bei ya betri moja tu hajataja bei ya kazi.

Kubadili kontrola. Kontrola yenye ampea nyingi zaidi huipa bajaji nguvu ya kuondoka na kupanda, lakini huongeza kidogo tu kasi ya juu kwenye tambarare. Hatari yake ni joto. Joto linalozalishwa ndani ya nyaya na koili za mota hukua kwa mraba wa ampea: ukiongeza ampea kwa nusu, joto huzidi mara mbili, yaani mara 2.25. Mota hainuki moshi siku ya kwanza. Huungua siku ya mlima mrefu, ikiwa na abiria watatu, jua likiwa kali.

Kuondoa kikomo. Baadhi ya kontrola zina waya au mpangilio unaozuia kasi, na fundi huuchomoa. Njia hii ni ya bei ndogo, na kwa sababu hiyo ndiyo inayovutia zaidi. Hata hivyo mtengenezaji huenda aliweka kikomo hicho kwa sababu ya breki au ya sheria za soko alilouzia. Uliza kwanza kikomo hicho ni cha nini.

Kubadili matairi au meno ya difu. Tairi kubwa husafiri umbali mrefu zaidi kwa kila mzunguko, kwa hiyo kasi huongezeka kwenye tambarare. Malipo yake ni nguvu: chombo huwa kizito kuondoka, huvuta ampea nyingi mlimani, na spidomita husoma chini ya mwendo halisi. Dereva hudhani yuko kwenye 40 kumbe amekwisha kuvuka.

Kwa betri za lithiamu tunatoa onyo la pekee. Ndani yake mna ubao wa ulinzi unaokata umeme pale betri inapozidiwa, inapojazwa kupita kiasi au inapopata joto. Usimruhusu fundi yeyote kuuruka ubao huo, wala kutumia chaja isiyo ya betri hiyo. Betri ya lithiamu isiyo na ulinzi inaweza kuwaka moto, na wengi huchaji vyombo vyao usiku, ndani ya nyumba wanamolala watoto. Kumbuka pia kwamba volti 60 au 72 za betri si za kuchezea. Pete, saa ya chuma au spana ikigusa ncha mbili kwa wakati mmoja, cheche zake huunguza nyama ya mkono.

4. Hesabu ya safari moja

Tuweke hisia kando na tupige hesabu. Tuchukue kwa mfano dereva wa Babati mwenye safari za kilomita 6, kutoka stendi hadi pembezoni mwa mji. Bajaji yake hufika kilomita 40 kwa saa. Ameongeza betri ya sita na sasa hufika 48.

Kama angeweza kwenda kwa kasi kamili njia nzima bila kusimama, safari iliyochukua dakika 9 ingechukua dakika 7 na nusu. Ameokoa dakika moja na nusu. Katika hali halisi kuna abiria wa kushusha, ng'ombe wanaovuka, matuta na makutano, kwa hiyo anaokoa chini ya hapo. Kwa safari kumi za siku hajafikisha robo saa, muda anaoweza kuupoteza akisubiri abiria mmoja kijiweni.

Sasa tuangalie upande wa pili. Nguvu ya upepo unaozuia chombo hukua kwa mraba wa kasi. Kutoka 40 hadi 48 kasi imeongezeka kwa asilimia 20, lakini kizuizi cha upepo kimeongezeka kwa asilimia 44. Msuguano wa matairi haubadiliki sana. Kwa bajaji iliyopakia, ambayo upepo na matairi huizuia kwa takriban usawa, makadirio yetu ni kwamba kila kilomita itakula nishati zaidi kwa kiasi cha asilimia 22. Chaji iliyokuwa ikifika kilomita 80 ingefika kilomita 65 hivi, endapo betri zingebaki tano. Kwa kuwa dereva wetu ameongeza ya sita, anabaki karibu na kilomita 80 zilezile za zamani. Maana yake ni kwamba betri aliyoinunua kwa fedha yake imeliwa karibu yote na upepo.

Aliyepata kasi hiyohiyo bila kuongeza betri hali yake ni mbaya zaidi. Kilomita 15 alizopoteza ni safari zaidi ya mbili kila siku. Akizilazimisha, atakuwa akizimaliza betri hadi chini kabisa, na betri za asidi na risasi zinazomalizwa hivyo kila siku hufa mapema sana kuliko zinazochajiwa zikiwa bado na nusu. Siku ya kununua betri nyingine ndiyo siku ambayo bei halisi ya kasi hujulikana.

Betri zilizokufa nazo zina hesabu yake. Risasi ni sumu, hasa kwa watoto. Zisitupwe shimoni wala kando ya Ziwa Babati, na asidi yake isimwagwe mtaroni. Zipelekwe kwa mnunuzi wa betri chakavu mwenye kibali.

5. Breki hazikuongezwa

Fundi anayeongeza kasi aghalabu hagusi breki. Tazama tofauti kwa hesabu nyepesi. Tuchukue dereva aliye macho, anayechukua sekunde moja tangu aone hatari hadi akanyage breki, na breki nzuri kwenye lami kavu. Akiwa kwenye kilomita 25 kwa saa atasimama ndani ya mita 13 hivi. Kwenye 40 atahitaji takriban mita 27. Kwenye 48 atahitaji karibu mita 36. Nyongeza ya kilomita 8 kwa saa imemgharimu mita 9, ambazo ni zaidi ya urefu wa bajaji mbili.

Mita hizo 9 ndizo zinazompata mtoto anayevuka kutoka shuleni. Na hesabu yetu ni ya hali njema. Mvua ikinyesha, barabara ikiwa na mchanga, au abiria wakiwa watatu na mizigo yao, umbali huongezeka. Tena bajaji ina magurudumu matatu, na hatari ya kupinduka kwenye kona nayo hukua kwa mraba wa kasi. Kona uliyozoea kuipita kwa 30 haitakusamehe kwa sababu tu chombo kimefunguliwa.

Kwa hiyo, ikiwa baada ya yote mlaji ameamua kuongeza kasi, breki na matairi vikaguliwe kabla ya mota, wala si baada yake.

6. Kasi hubadili aina ya chombo

Mfano wa vigari vya gofu unafundisha jambo ambalo wengi hawalitazami. Huko Marekani, vigari hivyo vilitengenezwa kwa ajili ya kuzunguka uwanjani kwa mwendo wa takriban kilomita 20 hadi 24 kwa saa, bila mikanda wala taa za kuashiria kona. Watu walipoanza kuvitumia mitaani na kuviongeza kasi, serikali ya nchi hiyo ilitunga kanuni mwaka 1998. Kigari chenye uwezo wa kuvuka maili 20 kwa saa, yaani kilomita 32, lakini kisichozidi maili 25, yaani kilomita 40, kiliwekwa katika kundi jipya la magari ya mwendo mdogo. Kundi hilo lilitakiwa kuwa na taa za mbele na za kuashiria, vioo vya pembeni, breki ya kuegeshea, kioo cha mbele na mikanda ya usalama.

Mantiki yake ni rahisi: mwenye kuongeza kasi amehamisha chombo kutoka kundi moja kwenda jingine, hata kama bodi na rangi havijabadilika. Kigari cha hoteli kilichofunguliwa kikimbie kwenye barabara kuu hakijawa gari. Kimebaki kigari kisicho na mikanda, kikiwa katikati ya malori.

Hapa kwetu, Sheria ya Usalama Barabarani inaweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi. Sehemu kubwa ya kazi ya bajaji ya Babati hufanyika ndani ya maeneo hayo. Mlaji ajiulize: kasi ninayoinunua, ni wapi nitaruhusiwa kuitumia?

7. Mkataba, dhamana, leseni na bima

Bajaji nyingi huendeshwa kwa mkataba: dereva hulipa kila siku au kila wiki mpaka chombo kiwe chake. Katika kipindi hicho chombo bado ni mali ya mwingine. Dereva anayekibadilisha bila ridhaa ya maandishi ya mwenye chombo anajiweka katika hatari ya kudaiwa mota iliyoungua, na hata ya kunyang'anywa chombo akiwa amekwisha kulipa sehemu kubwa. Hasara ya namna hii huweza kufuta akiba ya familia ya mwaka mzima.

Dhamana ya muuzaji nayo kwa kawaida hukoma pale chombo kinapofunguliwa na fundi asiyeidhinishwa. Soma masharti yake kabla ya kukata waya wowote. Ikiwa betri bado ziko ndani ya dhamana na chombo ni cha polepole, mpeleke muuzaji tatizo hilo. Huenda betri ile mbovu tuliyoitaja ni haki yako kubadilishiwa bure.

Bima ya kulinda watu wengine ni ya lazima kisheria kwa chombo cha moto kinachotumika barabarani. Msingi wa mkataba wa bima ni ukweli: mteja hutakiwa kuieleza kampuni mambo yanayobadilisha kiwango cha hatari. Chombo kilichoongezwa kasi bila taarifa huipa kampuni sababu ya kuhoji dai siku ya ajali. Uliza kwanza, na uombe jibu la maandishi. Vivyo hivyo, mwenye leseni ya kusafirisha abiria aulize Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, yaani LATRA, kama badiliko analokusudia linakubalika.

8. Unaponunua, nunua kasi unayoihitaji

Njia iliyo salama zaidi ya kupata chombo chenye kasi ni kununua kilichotengenezwa kwa kasi hiyo, pamoja na breki zake. Kabla ya kulipa, muulize muuzaji na umtake aandike:

Kasi ya juu ni ipi chombo kikiwa na dereva na abiria watatu, na si kikiwa kitupu?
Chaji moja inafika kilomita ngapi, na kwa mwendo gani?
Betri ni za aina gani, zina volti na ampea ngapi, na dhamana yake ni ya muda gani?
Vipuri, hasa kontrola na breki, vinapatikana wapi, na ni nani hapa karibu anayeweza kuvifunga?
Je, naweza kukijaribu kwenye mwinuko nikiwa na mzigo?

Anayefanya kazi kwenye miinuko asiridhike na jaribio la uani. Chombo kinachokwenda vizuri mbele ya duka kinaweza kushindwa mlimani. Dai risiti ya kielektroniki, na uhifadhi tangazo lililokuvutia, likiwa karatasi au picha ya simu. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza muuzaji kumpotosha mlaji kuhusu sifa za bidhaa. Ahadi ya kasi ambayo chombo hakiwezi kuifikia inaweza kuwa miongoni mwa upotoshaji huo.

9. Ukiamua kumpa fundi kazi

Andikianeni. Karatasi moja inatosha, yenye majina, tarehe na sahihi, na itaje: kasi iliyopimwa kabla ya kazi, vipuri vitakavyowekwa na uwezo wake, bei yote kwa jumla, ikiwamo chaja, vipuri vya zamani virudishwe kwako, na nani atalipa kontrola au mota ikiungua ndani ya siku mtakazokubaliana. Fundi mwaminifu hataogopa karatasi hii. Anayeikataa amekujibu swali kabla hujauliza.

Ukipata hasara, anza kwa kumwandikia muuzaji au fundi, ukieleza tatizo na unachodai, na ubaki na nakala. Asipojibu, malalamiko ya kupotoshwa au kuuziwa bidhaa isiyolingana na maelezo hupelekwa Tume ya Ushindani. Masuala ya ubora wa bidhaa hupelekwa Shirika la Viwango Tanzania, na ya bima hupelekwa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima. Ambatisha risiti, tangazo, karatasi ya makubaliano na vipimo vyako.

Maswali ya kujipima

1. Bajaji yako ilipokuwa mpya ilifika kasi gani, na leo inafika ngapi? Tofauti hiyo umeitafutia sababu?
2. Shida yako ni kasi kwenye tambarare, au ni nguvu ya kupanda?
3. Kwa safari yako ya kawaida, utaokoa dakika ngapi, na utapoteza kilomita ngapi za chaji?
4. Breki zako zilikaguliwa lini mara ya mwisho?
5. Ni nani mwingine mwenye haki juu ya chombo hicho, na je, amekubali kwa maandishi?

Mlaji aliyejibu maswali haya matano kwa vipimo atajua mwenyewe kama anahitaji kasi mpya. Na akiona kwamba kilichopungua ni upepo wa tairi au betri moja kati ya tano, basi alipie hicho, na fedha iliyobaki aiweke akiba ya betri, kwa kuwa siku ya kuzibadilisha itafika hata kwa anayekwenda polepole.